Tuijue Kuba: Somo Linaloanzia Ziwani Kwetu

Wanafunzi wangu wa Jiografia huniuliza mara kwa mara, "Mwalimu, yatufaa nini kujifunza habari za nchi za mbali, nasi twaishi Kagunga, mahali ambapo hata kufika Kigoma mjini twategemea boti?" Swali hilo ni zuri, nami nimeazimia kulijibu katika gazeti hili la shule ili wazazi nao wapate kusoma. Nchi niliyoichagua ni Kuba, ambayo watu wake husema Kihispania. Sikuichagua kwa kubahatisha. Watu wa nchi hiyo walipata kuvuka ziwa letu, wakajiita kwa hesabu za Kiswahili, na habari yao ina fundisho kubwa kwa kila mtu anayetaka kuijua nchi ya wenzake.

Wageni walioitwa Moja, Mbili na Tatu

Mwezi wa Aprili mwaka 1965 kundi dogo la Wakuba liliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, likasafiri mpaka Kigoma. Usiku likapanda boti, na alfajiri ya tarehe 24 likafika Kibamba, ng'ambo ya Kongo. Walikuwa watu 14. Walikuja kwa siri kuwasaidia Wakongo waliokuwa wakipigana na serikali yao baada ya kuuawa kwa Patrice Lumumba mwaka 1961. Baadaye waliongezeka, wakapata kama 120.

Walipokuwa Dar es Salaam waliamua kwamba kila mmoja achukue jina la Kiswahili, na jambo jepesi likawa ni kufuata hesabu. Víctor Dreke akaitwa Moja. José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili. Wa tatu, aliyekuwa mkubwa wao kwa kweli, akaitwa Tatu. Huyo ndiye Ernesto Guevara, maarufu kwa jina la Che, mganga kwa elimu yake, mzaliwa wa Argentina aliyepigana katika mapinduzi ya Kuba. Wengine wakafuata: Nne, Tano, Sita na kuendelea. Waliokuja nyuma walipewa majina kama Siki na Tembo.

Kwa hiyo walikuwa na majina ya Kiswahili, lakini lugha yenyewe hawakuwa nayo. Che alipewa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, mwenye umri wa miaka kama 16, awe mwalimu wake wa Kiswahili na mkalimani wake. Walikaa pamoja kwa muda wa miezi saba. Vita haikuwaendea vema, na tarehe 21 Novemba 1965 Wakuba wakavuka ziwa tena kurudi Kigoma.

Baadaye Che alikaa katika ubalozi wa Kuba, Dar es Salaam, akaandika habari za safari ile. Kitabu chake kilichapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Humo hakujisifu, bali alisema wazi kwamba anasimulia kushindwa. Alipotafuta sababu, moja aliiona ndani yake mwenyewe: hakujifunza Kiswahili upesi wala vizuri. Alitegemea Kifaransa, ambacho viongozi walikijua, lakini askari wa kawaida hawakukijua. Akaweza kusema na wakubwa, akawa mbali na wadogo.

Hilo ndilo jambo ninalotaka wanafunzi walishike. Mtu aweza kuwa na ujasiri, elimu, silaha na hata jina la kienyeji, na bado asiwajue watu anaokaa nao, kwa kuwa hajui lugha yao.

Sisi wa Kagunga tumeliona jambo hili kwa upande wake mwema. Mwezi wa Mei mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya watu wa Burundi walikimbilia hapa ufukoni kwetu, na meli ya Liemba ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma. Kipindupindu kilizuka. Katika shida ile jambo moja lilikuwa jepesi: Kirundi na Kiha ni lugha ndugu, watu wake husikilizana. Mama wa Kirundi aliweza kumweleza mama wa Kiha mtoto wake ameanza kuharisha lini. Lugha kati ya watu ni kama daraja juu ya mto. Ukiwa unavuka kila siku hulitazami, ila siku litakapovunjika ndipo utajua kazi yake.

Nchi yenyewe

Kuba ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Karibi, kusini ya Marekani. Kutoka Kuba hadi ncha ya Florida ni kama kilomita 150 tu. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 110,000, yaani kama sehemu moja katika nane za Tanzania. Kisiwa ni kirefu na chembamba. Urefu wake ni kama kilomita 1,250, karibu sawa na reli ya kati kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Basi mtu aliyesafiri kwa treni njia hiyo yote aweza kukisia urefu wa Kuba. Upana wake mahali penye wembamba ni kama kilomita 31 tu, pungufu ya upana wa ziwa letu katika sehemu nyingi.

Mji mkuu ni Havana. Mlima mrefu kuliko yote ni Turquino, wenye meta 1,974, ulio upande wa mashariki. Mvua hunyesha zaidi kutoka Mei mpaka Oktoba, na katika miezi hiyo hiyo huja tufani kali za baharini ambazo hung'oa miti na nyumba. Inapokuwa saa sita mchana kwetu, kwao bado ni alfajiri.

Mazao yaliyoipa nchi hiyo sifa ni miwa na tumbaku. Lakini tusisahau kwamba sukari ile ilipandwa kwa machozi, kama nitakavyoeleza.

Watu wake na asili yao

Wenyeji wa kwanza wanaojulikana sana walikuwa Wataino. Mwezi wa Oktoba mwaka 1492 Christopher Columbus alifika huko kwa jina la wafalme wa Hispania. Katika muda wa miaka michache Wataino wengi sana walikufa kwa maradhi mageni, kazi nzito na vita. Wahispania walipotaka watu wa kulima miwa, walileta watumwa kutoka Afrika.

Watumwa zaidi ya 700,000 walifikishwa Kuba katika miaka ile ya biashara hiyo. Wengi walitoka Afrika ya Magharibi na Kongo. Wengine walitoka upande wetu wa mashariki: huko Kuba kulikuwa na watu walioitwa macuá, nao ni Wamakua, kabila ambalo ndugu zao wako Msumbiji na kusini ya Tanzania. Sisi tulio karibu na Ujiji, mahali palipopita misafara ya watumwa, twaweza kuielewa habari hii bila kuelezwa sana.

Tarehe 10 Oktoba 1868 mwenye shamba la miwa, Carlos Manuel de Céspedes, aliwaacha huru watumwa wake akawaita wasimame pamoja naye kupigania uhuru wa nchi. Vita ile ilikwisha bila ushindi baada ya miaka 10. Utumwa ukafutwa kabisa mwaka 1886. Vita ya mwisho ya uhuru ilianza mwaka 1895. Humo walikufa José Martí, mshairi na mwandishi, na Antonio Maceo, jemadari mwenye asili ya Kiafrika. Hispania iliondoka mwaka 1898, Marekani ikashika utawala kwa muda, na Jamhuri ya Kuba ikaanza tarehe 20 Mei 1902. Mapinduzi yaliyoongozwa na Fidel Castro yalishinda tarehe 1 Januari 1959.

Leo watu wa Kuba ni kama milioni 10: weupe, weusi, na wenye damu zilizochanganyika. Dini ya Kikatoliki ililetwa na Wahispania, lakini dini za Kiafrika hazikufa. Katika dini yenye asili ya Kongo iitwayo Palo, chungu kitakatifu huitwa nganga. Kila mtu wa Kigoma atalifikiri neno mganga, wala hatakosea, maana shina lake ni moja.

Desturi yao moja yafaa tuijue, tusije tukakosea majina. Kila mtu ana majina mawili ya ukoo: la baba hutangulia, la mama hufuata. José Martí Pérez ni mtoto wa bwana Martí na mama Pérez. Mke aolewapo habadili jina lake la ukoo. Na baada ya mapinduzi wamezoea kuitana compañero, kama sisi tulivyozoea kuitana ndugu.

Lugha yao, na jinsi ilivyo karibu nasi

Wengi hudhani Kihispania ni kigumu. Mimi nasema kwamba Mswahili ana bahati katika lugha hii kuliko Mwingereza. Tazama sababu nne.

Kwanza, irabu zao ni zetu: a, e, i, o, u, nazo hutamkwa kama sisi tunavyozitamka, wala hazibadiliki.

Pili, mkazo. Katika Kiswahili twakaza silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho: ki-TA-bu, mwa-LI-mu. Neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, kwa kawaida, hukazwa hapo hapo: ma-ES-tro, es-CUE-la. Mkazo ukienda mahali pengine, huandika alama juu ya irabu.

Tatu, si lazima kusema "mimi" au "wewe" mbele ya kitendo. Sisi twasema nasema, wasema, asema, na mtu anajulikana kwa herufi za mwanzo. Wao husema hablo, hablas, habla, na mtu anajulikana kwa herufi za mwisho.

Nne, maneno yao hupatana kama yetu. Sisi twasema kitabu kipya, vitabu vipya. Wao husema libro nuevo, libros nuevos. Ngeli zao ni mbili tu, ya kiume na ya kike: libro ni ya kiume, mesa ni ya kike, kwa hiyo meza mpya ni mesa nueva. Mtoto aliyekua na ngeli nyingi za Kiswahili na Kiha hatashindwa na mbili.

Herufi za kuangalia ni hizi. H haitamkwi: hola, salamu yao, hutamkwa ola. J ni kama kh au h. Ñ ni ny: mañana, yaani kesho, hutamkwa manyana. Ll ni y. Qu ni k. C mbele ya e au i, pamoja na z, hutamkwa s huko Kuba.

Sasa tazama maneno haya. Waarabu na Waberber waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Waislamu huko uliondoka mwaka 1492. Muda huo wote lugha ya Kiarabu ilitia maneno yake katika Kihispania, kama ilivyotia katika Kiswahili pwani yetu:

Sukari: azúcar
Zaituni: aceituna
Fulani: fulano
Hata, kwa maana ya mpaka: hasta

Tena Wareno, majirani wa Wahispania, walituachia maneno katika pwani yetu, na lugha yao na Kihispania ni watoto wa mama mmoja:

Meza: mesa
Bendera: bandera
Mvinyo: vino
Limau: limón
Padri: padre, ambalo pia maana yake ni baba

Hesabu zao ni uno, dos, tres, cuatro, cinco, seis, siete, ocho, nueve, diez. Usidanganyike ukiona seis na sita zafanana. Sita imetoka kwa Kiarabu, na seis imetoka kwa Kilatini, hazina udugu. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi; lazima kutafuta asili.

Salamu: asubuhi buenos días, mchana buenas tardes, usiku buenas noches. Asante ni gracias. Rafiki ni amigo. Ziwa ni lago. Mkubwa kwa umri au mgeni huitwa usted, na rafiki au mdogo huitwa tú. Wao hawana shikamoo, lakini katika neno usted mna heshima hiyo, na anayejifunza asilisahau mbele ya wazee.

Chakula

Mama zetu hapa hupika ugali wa muhogo kila siku, na watu wengi huamini kwamba muhogo ni mmea wa asili ya Afrika. Sivyo. Muhogo ni mmea wa Amerika, na Wareno ndio walioleta mbegu zake Afrika. Wataino wa Kuba walikuwa wakiulima kabla ya Columbus kuzaliwa. Neno la Kihispania la muhogo ni yuca, na limetoka katika lugha za visiwa vile.

Muhogo mchungu una sumu. Sisi twaiondoa kwa kuuloweka siku kadhaa na kuukausha, ndipo twausaga. Wataino waliukuna, wakaukamua maji yake, wakaoka unga wake juu ya bamba la moto ukawa mkate mwembamba uitwao casabe. Watu wawili waliokuwa mbali walikuta hatari moja, wakaishinda kwa njia mbili. Casabe ingali ikiliwa Kuba, na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa mataifa.

Mahindi, karanga na tumbaku navyo ni mimea ya Amerika. Sisi nasi tumewapa vyetu. Bamia ilitoka Afrika, na Wakuba huiita quimbombó, jina la Kibantu. Wakuba hupenda sana wali na maharage meusi vilivyopikwa pamoja. Chakula hicho huitwa Moros y Cristianos, yaani Waislamu wa kale na Wakristo, maharage yakiwa weusi na wali weupe. Hula pia ndizi mbichi za kukaanga na muhogo uliotiwa kitunguu saumu na maji ya ndimu au machungwa makali. Mtoto wa Kagunga akialikwa chakula Havana hatalala njaa, ila atauliza dagaa wako wapi.

Ngoma na mashairi

Watumwa waliletwa mikono mitupu, lakini ngoma waliibeba vichwani. Kutokana na ngoma za Kiafrika na gitaa za Kihispania Wakuba walitunga muziki wao: rumba, na ule uitwao son. Katika son ya zamani mlitumika marímbula, sanduku lenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole. Aliyeiona malimba ya Wagogo ataitambua mara moja.

Kisha muziki huo ukarudi nyumbani. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za Kikuba ziliuzwa Afrika. Mojawapo ilikuwa na wimbo El manisero, yaani Muuza Karanga. Vijana wa Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, wakazisikiliza, wakaona kama wanaujua mdundo ule tangu zamani, wakatunga rumba ya Kikongo. Rumba hiyo ikavuka ziwa letu, na mpaka leo hupigwa katika harusi zetu. Huko Morogoro Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, alikuwa na bendi iliyoitwa Cuban Marimba. UNESCO iliiandika rumba ya Kuba katika orodha yake mwaka 2016, na rumba ya Kongo mwaka 2021.

Katika mashairi ndipo nilipostaajabu zaidi. Wakulima wa Kuba wana shairi liitwalo décima. Ubeti una mistari 10, na kila mstari una mizani 8. Sisi nasi, katika shairi letu la kawaida, kila kipande kina mizani 8. Tena wao hushindana hadharani, mmoja akitunga papo kwa papo na mwenzake akimjibu, kama malumbano ya washairi wetu. Vina vya décima hufuata utaratibu huu: mstari wa 1 hulingana na wa 4 na wa 5, wa 2 na wa 3, wa 6, wa 7 na wa 10, wa 8 na wa 9. Nawashauri washairi wa shule hii wajaribu kutunga décima moja kwa Kiswahili.

Taa, kitabu na mwalimu

José Martí, niliyemtaja kati ya mashujaa wa uhuru, alijua thamani ya gazeti la vijana. Mwaka 1889 aliandika na kutoa gazeti la watoto liitwalo La Edad de Oro. Yalitoka matoleo manne tu, lakini watoto wa Kuba wanayasoma hata leo. Basi wahariri wa gazeti letu wasikate tamaa.

Mwaka 1961 serikali ya Kuba iliazimia kufuta ujinga wa kutojua kusoma katika mwaka mmoja. Vijana kama 100,000, wengi wao wa umri wa wanafunzi wetu, walikwenda kukaa na wakulima milimani na mashambani. Mchana walifanya kazi pamoja nao, jioni walifundisha. Kila mmoja alipewa vitabu na taa ya karabai, namna ile ile ya taa ambayo wavuvi wetu waliitumia kuvulia dagaa kabla ya taa za sola. Kazi ilikuwa na hatari. Mwalimu kijana Conrado Benítez, mwenye umri wa miaka 18, aliuawa mwezi wa Januari mwaka ule na watu waliopinga mapinduzi, na vikosi vya vijana vikaitwa kwa jina lake. Tarehe 22 Desemba 1961 kazi ilitangazwa kwamba imekwisha. Watu zaidi ya 700,000 walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika. Siku hiyo ndiyo sikukuu ya walimu Kuba. Tanzania nayo ilifanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wengi wa hapa wanakumbuka madarasa ya kisomo.

Nisiwafiche upande wa pili. Kuba ina chama kimoja tu cha siasa. Tangu mwaka 1962 Marekani imeiwekea vikwazo vya biashara. Katika miaka ya karibuni maisha yamekuwa magumu, watu wengi wamehama, na mwezi wa Oktoba mwaka 2024 umeme ulikatika kisiwa kizima. Kuipenda nchi ya watu si kufumba macho mbele ya shida zake.

Kuba na Tanzania

Urafiki wa nchi hizi mbili haukwisha mwaka 1965. Mwalimu Nyerere alizuru Kuba mwaka 1974, na Fidel Castro akaja kwetu mwezi wa Machi mwaka 1977. Kuba ilisaidia kujenga shule za sekondari za Kibiti, Ruvu na Ifakara. Madaktari wake wamefanya kazi Zanzibar kwa miaka mingi. Kibaha kuna kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kilichojengwa kwa ufundi wa Kikuba.

Na jambo la mwisho ni hili. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Havana, akafungua kongamano la Kiswahili. Mwaka 1965 Wakuba walikuja na hesabu za Kiswahili zilizotoka katika kamusi. Baada ya miaka 59 Kiswahili chenyewe kilikwenda kwao, kikapewa kiti.

Katikati ya habari hizo kubwa tumkumbuke kijana Freddy Ilanga. Alipomaliza kumfundisha Che Kiswahili, alipelekwa Kuba. Ikambidi yeye sasa awe mwanafunzi, ajifunze Kihispania tangu mwanzo. Akakijua, akasoma udaktari, akawa daktari mpasuaji wa ubongo. Lakini alilipa thamani kubwa: alikaa huko mpaka mwisho wa maisha yake, na kwa karibu miaka 40 hakuwa na habari za jamaa zake ng'ambo ya ziwa hili. Mwanafunzi wake alikuwa mtu mashuhuri, lakini aliijua lugha nusu nusu. Mwalimu wake alikuwa kijana asiyejulikana, naye akaijua lugha ya wageni hata akaweza kuwatibu wagonjwa wao.

Ndilo jibu langu kwa swali la wanafunzi. Twajifunza habari za nchi za mbali kwa sababu hatujui ni nani atakayeshuka botini kesho, wala ni nani kati yetu atakayepanda. Ramani yatuonyesha nchi ilipo, lakini watu wake twawajua kwa kusema nao. Anayetaka kuanza aje darasani Ijumaa baada ya vipindi, na daftari lake; tutaanza na uno, dos, tres.

Maswali

1. Chora ramani ya Kuba, uonyeshe Havana, Mlima Turquino na upande iliko Marekani.
2. Kwa nini Che Guevara aliweza kusema na viongozi kuliko askari wa kawaida? Eleza madhara yake.
3. Taja mimea miwili iliyotoka Amerika kuja Afrika, na mmoja uliotoka Afrika kwenda Kuba.
4. Muulize mama au bibi yako namna ya kuondoa sumu katika muhogo, uandike, kisha ulinganishe na njia ya Wataino.
5. Andika majina yako kwa desturi ya Kikuba, ukitumia jina la ukoo wa baba na la ukoo wa mama.
6. Tunga ubeti mmoja wa décima kwa Kiswahili juu ya Ziwa Tanganyika.